Mifuko saba, tamasha moja: tutalala wapi Zanzibar?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nipo kwenye kikundi cha vijana wa Ujiji na Mwanga tunaotengeneza filamu fupi. Safari hii tumekubaliana twende Zanzibar kwenye tamasha la filamu, ZIFF, tukajifunze na kukutana na watu wa fani. Tuko saba, tutalala siku tano. Tumepanga kuondoka Kigoma Julai mosi. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo kazi ya kutafuta malazi nimetupiwa mimi, na tangu nitupiwe silali vizuri.

Shida ni kwamba mifuko haifanani. Yupo mzee wetu, mstaafu wa reli, ambaye ndiye aliyetununulia kamera. Yeye anaweza kutoa hadi sh 250,000 kwa usiku na anataka hoteli ya Shangani inayotazama bahari, ila magoti yanamsumbua. Wapo wawili wenye ajira, kaka mwalimu na dada muuguzi. Ni wachumba, kila mmoja ana sh 60,000 kwa usiku, na wanataka wapewe chumba kimoja. Wapo vijana watatu wa kiume, mwenyekiti wetu akiwemo, ambao wakijikamua sana ni sh 25,000 kila mtu. Mimi nauli ninayo, ya kulala sina. Nina mama mdogo anaishi Amani, huko huko Zanzibar, ameniambia nije tu.

Mwenyekiti hataki kusikia habari ya kutawanyika. Anasema kikundi ni kimoja, kulala mbalimbali ni kubaguana. Amepata dalali kwa njia ya rafiki yake, ana nyumba ya vyumba vinne Fumba, "dakika kumi tu kutoka Ngome Kongwe", ndiko tamasha linakofanyikia, picha zake zina bwawa la kuogelea na makochi meupe. Nyumba nzima ni sh 280,000 kwa usiku. Dalali anataka nusu ya siku zote tano, yaani sh 700,000, itumwe kwa simu kabla ya Ijumaa kwa sababu eti kuna Wazungu wanaitaka. Sanduku la kikundi lina sh 850,000. Mwenyekiti anasema tutume, halafu mzee ndiye ajazie kubwa kwa kuwa ndiye mwenye nazo. Mzee hajasema kitu, lakini mkutano wa mwisho aliondoka bila kuaga.

Nifanyeje, Shangazi? Nikikataa naonekana navunja kikundi. Nikituma, roho inasita.

Mweka Hazina, Mwanga

---

Marahaba, mwanangu. Hiyo laki saba usiitume.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililowekewa Ijumaa. Fumba iko kusini, huko kwenye rasi. Ukitoka Ngome Kongwe unauacha Mji Mkongwe, unapita Kiembesamaki, unaupita uwanja wa ndege, na bado unakwenda. Dakika kumi hata gari la wagonjwa lenye king'ora haliwezi. Sisemi huyo bwana ni tapeli. Nyumba za kupanga kwa siku Fumba zipo, tena nyingine nzuri sana. Ila mtu aliyekupunguzia umbali kabla hujampa hata shilingi, sijui atakupunguzia nini ukishampa laki saba.

Kama mwenyekiti anashikilia kwamba dalali ni mtu wa kweli, mpimeni. Apige simu ya video akiwa ndani ya hiyo nyumba, afungue bomba la jikoni muone maji, kisha atoke nje aonyeshe njia na jirani. Asiingize habari ya mtandao kukatika. Mama yako mdogo yuko kisiwani. Mwombe yeye au mwanawe apite akaione kwa macho. Na siku ya kutuma pesa, popote mtakapoamua kulala, kabla hujabonyeza namba ya siri lisome jina linaloletwa na simu. Ukiambiwa nyumba ni ya kampuni halafu jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, unafuta na kuuliza. Huo wimbo wa Wazungu wanaoitaka nyumba leo leo umeimbiwa wengi, na hao Wazungu hajawahi kuwaona mtu.

Lakini tuseme nyumba ni ya kweli na bwawa lina maji. Bado haiwafai, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea wakitafuta malazi ya tamasha. Wanaangalia bei ya kitanda, hawaangalii usiku. ZIFF kitovu chake ni Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu wa Oman iliyo mkabala na bustani ya Forodhani. Maonyesho makubwa yanafanyika pale uani, chini ya anga, kwa hiyo lazima giza liingie kwanza. Filamu ikiisha kuna maswali kwa mwongozaji, kuna muziki, kuna watu wanasimama nje wanaongea. Na nyie mnachokifuata ni hao wanaosimama nje wanaongea! Mtu atakayekuambia "nitumie kazi yako niione" hatakuambia saa kumi jioni ukumbini, atakuambia saa tano usiku akiwa na mshikaki mkononi pale Forodhani.

Sasa saa hiyo daladala za Fumba hakuna. Za Zanzibar hupungua mapema usiku kuliko watu wa bara wanavyozoea. Watu saba na vifaa vya kamera ni teksi mbili, kila usiku, siku tano, na bei ya teksi ya usiku wa manane haiwi ya kuelewana kirahisi. Ziongeze hizo kwenye sh 280,000 uone ile nyumba ya bei nafuu inavyovimba. Ama sivyo mtaondoka saa mbili usiku kuwahi gari, na hapo heri mngebaki Mwanga mkaangalia filamu kwenye simu.

Kulala mbali si ujinga kila mahali. Kule Cannes, Ufaransa, tamasha lao la Mei hupandisha bei mpaka waandishi wa habari wenyewe wanalala Antibes au Nice na kuja kwa treni. Lakini wao wana hiyo treni. Wewe treni yako ya mwisho uliiacha Dar.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa kila mfuko, wa mzee na wa vijana, ni moja: kitanda kiwe mahali ambapo mtu anarudi kwa miguu.

Kabla sijaingia kwenye vyumba, hiyo Julai mosi mmeitoa wapi? ZIFF ilizoeleka kuwa ya Julai, lakini tarehe zake zinahama. Mwaka 2023 ilianza Juni 24, mwaka 2024 ikawa Agosti 1 hadi 4, mwaka 2025 ikarudi Juni 25 hadi 29. Ukilipia chumba kwa kukisia unaweza kufika ukakuta wanakunja maturubai. Subiri tarehe itangazwe na tamasha lenyewe, ndipo ulipe. Kuulizia bei anza hata kesho, kwa sababu kuanzia Juni mvua za masika zimekwisha, Ulaya wanaingia likizo, na Mji Mkongwe unajaa hata pasingekuwa na filamu. Bei uliyoambiwa mwezi wa nne, mvua ikinyesha, usiipeleke kwenye mkutano wa kikundi kama ndiyo bei ya mwezi wa saba.

Haya, vijana watatu. Sh 25,000 ya mtu mmoja ndani ya Mji Mkongwe msimu huo ni kitanda, si chumba: kitanda cha deka kwenye hosteli, chumba kimoja na wageni wengine. Kinalalika, lakini hapo kuna kamera. Chumba cha watu wanane kila mmoja ana marafiki zake wanaoingia na kutoka, mimi kamera yangu nisingeiweka, hata kama kuna kabati la kufuli. Wakiunganisha lakini, wana sh 75,000, na hiyo ni pesa ya kuanzia mazungumzo ya chumba cha vitanda vitatu kwenye gesti ya Malindi, karibu na bandari, au Mkunazini. Wakikosa, wavuke barabara ya Creek waangalie Michenzani, Kikwajuni na Mlandege. Huko ndiko Wazanzibari wenyewe wanakoishi, gesti hazina mapambo, na Ngome Kongwe bado unaifikia kwa miguu. Waulize kama chai ya asubuhi imo kwenye bei, maana gesti nyingi za kule wanakuwekea mkate, mayai na matunda, na kijana aliyeshiba saa mbili asubuhi hatasumbua mfuko wa kikundi mpaka alasiri. Waulize na feni, neti, maji, na saa ya kufungwa mlango wa nje. Hilo la mlango watu hulisahau halafu wanagonga saa saba usiku mpaka mtaa mzima unaamka.

Mzee nimemwekea nafasi yake. Mwambie kwa adabu kwamba sh 250,000 inampatia chumba kizuri, ila si kwenye zile hoteli kubwa za ufukweni Shangani. Park Hyatt na Serena ataziangalia kwa nje, au akanywe kahawa apige picha. Ajaribu hoteli ndogo za ndani, Shangani ya nyuma au Hurumzi, zile nyumba za kale zenye vitanda vya samadari na milango ya kuchonga. Ukitajiwa bei kwa dola usibabaike, uliza bei ya Mtanzania. Mahali pengi ipo, ila hawaitaji mpaka uulize.

Ila hayo magoti yake ndiyo yanayonipa wasiwasi kuliko bei. Nyumba za Mji Mkongwe ni za ghorofa, nyembamba, ngazi zake zimesimama kama za kupandia dari, na nyingi hazina lifti. Chumba kizuri, chenye upepo na cha kuona bahari, wamekiweka juu kabisa. Mtafutie cha chini, uulize ni ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi kitandani, wakuhesabie. Na uulize teksi inafika wapi, kwa sababu vichochoro vya Hurumzi na Kiponda gari haliingii. Mtu anashuka barabarani anatembea na begi lake. Kijana mmoja apangwe kumbebea, na awe mwenyekiti.

Kuhusu wachumba, nitasema neno moja nisije nikaonekana nawaonea wivu. Zanzibar si Kigoma mjini. Hoteli kubwa za watalii hawana habari nanyi, lakini gesti za kawaida, tena mkiwa Watanzania, wanaweza kuwaomba cheti cha ndoa pale pale mapokezi mbele za watu, na wana haki na nyumba yao. Kubishana hakusaidii. Kwa sababu hiyo mimi naona jibu lao ndilo jibu lako pia.

Sikiliza. Wewe unasema utalala Amani kwa mama mdogo. Amani si mbali mchana. Usiku wa manane si njia ya binti peke yake, na bodaboda ya kila usiku itakugharimu pesa ambayo umeniambia huna. Tena kwa mama mdogo kuna mambo yake. Huyo mama hatalala mpaka urudi. Atakaa sebuleni na khanga yake akisikiliza mlango, na siku ya tatu hatakuambia kitu, lakini atampigia mama yako. Basi dada muuguzi achukue chumba cha vitanda viwili, mlale naye. Sh 60,000 zake ndizo za kuanzia, na wewe uchangie ile uliyokuwa uwape bodaboda. Kaka mwalimu ahamie kwa vijana, wawe wanne. Sh 60,000 zake zikikutana na sh 75,000 zao, wana sh 135,000, na kwa pesa hiyo wanaacha kuomba chumba, wanachagua. Wachumba wataonana asubuhi kwenye chai. Hawatakufa.

Kwa mama mdogo uende, tena uende siku ya kwanza mchana, na usiende mikono mitupu. Dagaa wa Kigoma wanajulikana mpaka kule, mpelekee mfuko wa maana. Mawese pia akipenda, ila funga dumu kwa nailoni mara mbili. Mawese yakimwagika ndani ya boti ya watu, jina la Kigoma litakumbukwa kwa ubaya. Ikiwa baada ya tamasha mtabaki siku moja mbili, hizo ndizo siku za kulala kwake, usiku unapoisha mapema.

Sasa mwenyekiti. Huyu kijana simchukii, anataka umoja. Lakini umoja anaoutaka una bili, na bili ameshaamua nani alipe bila kumuuliza. Mzee amenunua kamera. Hiyo ilikuwa zawadi, haikuwa leseni ya kumkata kila mkitaka kitu. Ndiyo maana aliondoka bila kuaga. Watu wa umri wake hawagombani kikaoni, wanachukua kofia wanaondoka. Wewe nenda kwake nyumbani jioni moja, umsalimie, umwambie kikundi hakitamwomba pesa ya kulala ya mtu mwingine. Usimtume mtu. Halafu kwenye mkutano usiseme "nakataa nyumba ya Fumba". Peleka karatasi mbili. Moja ina nyumba pamoja na teksi za usiku, nyingine ina vyumba vitatu vilivyo karibu kwa karibu, kila mtu analipa kwa mfuko wake. Waache wasome wenyewe. Kama mwenyekiti anaogopa kubaguana, mkubaliane mlo wa usiku uwe mmoja, Forodhani, wote saba, kwa pesa ya sanduku. Pale hata mwenye sh 250,000 anakula urojo ule ule.

Jambo lingine ambalo hukuniuliza ni Dar. Mkitoka Kigoma kwa basi, au kwa basi mpaka Dodoma kisha treni ya SGR, kuna uwezekano mkubwa mkafika Dar usiku, na boti ya Zanzibar mtaisubiri mpaka asubuhi. Huo ni usiku mmoja wa kulipia ambao hauko kwenye hesabu yako. Na kama tarehe zitaangukia mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai, mtaikuta Sabasaba, maonyesho yanayoanza Juni 28 na kuendelea mpaka katikati ya Julai. Gesti za upande wa barabara ya Kilwa na Temeke hujaa wafanyabiashara wa mikoani. Mtafute Kariakoo au Kisutu, asubuhi bandari iwe karibu, na mlipie mapema. Wa basi la moja kwa moja wasidanganyike kulala Mbezi, eti kwa sababu ndiko Stendi ya Magufuli iliko. Foleni ya asubuhi kutoka Mbezi hadi bandarini itawaachisha boti.

Pesa ya malipo ya awali, mahali popote, iwe ya usiku mmoja tu kwa kila chumba, na risiti iwe na jina la gesti, tarehe na jina la aliyepokea, hata kama ni ujumbe wa simu. Uliza mapema mkiahirisha inakuwaje. Kila mtu awe na kitambulisho chake, na jina la kwenye tiketi ya boti liwe lile lile la kwenye kitambulisho, si la utani mnaloitana Ujiji.

Na Julai ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Bahari ya Unguja msimu huo inarusha, na nyie mmezoea Ziwa Tanganyika mnadhani mnayajua mawimbi. Nunueni dawa ya kichefuchefu duka la dawa hapa hapa Mwanga, mmeze kabla ya kupanda, na mzee mumkalishe chini, nyuma, mbali na wale wanaopiga picha juu.

Shangazi